Uzi Uliolowa Mafuta ya Papa

Mwanangu Athumani,

Salamu sikuandikii, maana tuko nyumba moja na sauti yako naisikia kutoka uani ukicheka na wageni. Nimejifungia chumbani tangu nilipotoka kuswali alasiri, na mamako anadhani nimejilaza. Lori la Malindi linaondoka kesho asubuhi nawe umo, safari ya karakana ya ndege Nairobi. Mambo ya sabuni, chandarua, na kutokula kwa watu usiowajua, umeshaambiwa na mamako na shangazi zako mpaka masikio yamechoka. Mimi hayo nayapita. Kijana wa miaka kumi na tisa asiyejua kufua shati lake hastahili kuandikiwa barua.

Naandika kwa sababu ya neno ulilosema jana. Ulikuwa barazani na wenzio, mmoja akakutania, "Usije ukachoma ndege za watu huko Nairobi." Nawe ukajibu, kifua mbele, "Mimi mtoto wa Fundi Bakari bwana, si mtoto wa Jilo Moto!" Wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa pale pale, kikombe cha kahawa mkononi. Nikatabasamu. Sijui kama uliniona nilivyotabasamu. Nataka nikueleze habari za huyo mtu aliyetabasamu, kwa sababu mimi simheshimu hata kidogo, na wewe umemheshimu maisha yako yote.

Unajua kwamba kazi ya nyaya nilifundishwa jeshini, wakati wa vita, kwenye karakana ya ndege. Hilo nimekupigia kelele tangu ulipokuwa unatambaa. Nilirudi Kipini na mikasi yangu na koleo langu, nikawaona watu wote wa pwani hii kuwa washamba. Walipokuja nzige, na Serikali ikaleta ndege za kumwaga dawa, wakalima kiwanja huku Garsen kwenye malisho ya Waorma, nikaitwa mimi. Ndege mbili ndogo, mwili wa kitambaa kilichopakwa rangi, na tangi la dawa tumboni. Kila ndege ikitaka kutua, Waorma waliswaga ng'ombe watoke kiwanjani. Wallahi, wale ng'ombe walikuwa na akili kuliko mkuu wetu wa kambi. Ng'ombe akisikia hatari huondoka. Yule bwana alikuwa akitazama saa yake tu na kupiga kelele, "Fundi, bado?"

Huko uendako utamkuta wa aina yake, usibabaike. Kila karakana ina mmoja. Hajui waya wa taa wala waya wa kuwashia injini, lakini anajua umechelewa. Mwache apige kelele. Kelele hazijawahi kuangusha ndege, ila fundi anayezikimbilia ameangusha.

Utawakuta na mafundi wa mdomo. Hao nawadharau zaidi. Tulikuwa na mmoja kutoka Mombasa, nywele zimepakwa mafuta, pete ya shaba kidoleni. Alikuwa akifanya kazi bila kufungua waya za betri. Ukimwambia, anakujibu, "Ni dakika moja tu, kwani nabomoa nyumba?" Siku moja akaingiza spana kwenye nafasi nyembamba, spana ikagusa kichwa cha betri, pete yake ikagusa chuma cha ndege. Umeme wa betri ya ndege haukurushi wala haukutikisi. Watu wengi huudharau kwa sababu hiyo. Lakini ulipita kwenye ile pete, na pete ikawa nyekundu kama kaa la jiko, imo kidoleni. Alilia mpaka wachungaji wakasimama. Kidole hakikupona.

Mimi nilimcheka. Nilimcheka wiki nzima. Betri mimi huifungua kwanza, nikianzia waya unaokwenda kwenye mwili wa ndege, halafu naning'iniza kitambaa chekundu juu ya swichi, na kitambaa changu hakiondolewi na mtu mwingine hata awe mkuu wa kambi. Pete sivai. Nikimaliza nahakikisha koleo, bisibisi na vipande vyote vya waya vimerudi mfukoni, kwa sababu kipande kimoja kikibaki nyuma ya ubao wa rubani kitakwenda chenyewe mahali kisipotakiwa. Haya yote nilikuwa nayafanya. Nikajiona mimi ndiye fundi na wengine makuli. Sasa sikiliza fundi huyo alifanya nini.

Mwaka ule mto Tana ulifurika. Barabara ikakatika, lori la vifaa likazama matopeni huko njiani. Nzige nao hawangoji lori. Ndege moja ilikuwa imefunguliwa, nyaya zote za nyuma ya ubao zimetolewa na kupangwa upya, na kazi iliyobaki ilikuwa kuzifunga tita. Nyaya za ndege haziachwi zikicheza. Injini inatetemeka, ndege nzima inatetemeka, na waya unaocheza unasugua chuma mpaka ganda linaisha. Kwa hiyo hufungwa pamoja kwa uzi maalumu uliotiwa nta, na pale zinapopita kwenye tundu la chuma huwekwa pete ya mpira. Pete za mpira nilikuwa nazo. Uzi wa nta ulikuwa umekwisha.

Mtu mwenye akili angesema, ndege hairuki mpaka uzi uje. Maneno machache tu. Mimi nikaona haya kuyasema mbele ya yule bwana wa saa. Nikakumbuka kwamba mimi ni mtoto wa mshona nyavu wa Kipini. Babu yako alikuwa akilowesha nyuzi na kamba zake katika mafuta ya papa, na hazikuoza kwa maji ya chumvi wala mvua. Nikatoa uzi wa nyavu kwenye sanduku langu, nikaenda kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na chupa ya mafuta hayo, nikaulowesha, nikaukausha kidogo juani. Nikafunga tita lote kwa fundo la nyavu, moja baada ya moja, nimekaza kwa meno. Loo, lilikuwa zuri! Nyaya zimelala sawasawa, mafundo yamefuatana. Rubani akachungulia akasema kazi safi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya Kipini, nikavimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Jilo alikuwa amesimama nyuma yangu. Humkumbuki, ulikuwa kwa mjomba wako Lamu ukisoma. Jilo ni Mpokomo wa Chara, mtu mzima, umri wake na wangu sawa. Hakufundishwa jeshini. Aliajiriwa kubeba mapipa ya dawa, akawa anatazama, na kwa kutazama akajua mengi, nikamchukua awe mkono wangu. Alikuwa hazungumzi sana. Alikuwa na tabia moja ya kuubonyeza waya kwa ukucha kila anapoushika, aone kama ganda lake ni gumu au limechoka. Nilikuwa namfanyia mzaha kwa hilo. Nilimwita tabibu wa waya.

Baada ya wiki tatu hivi, tulifungua ubao kwa ukaguzi. Harufu ya samaki ikatupokea. Hata rubani alikuwa ameshauliza ni nani anakula samaki ndani ya ndege yake, tukacheka. Jilo akaingiza mkono, akabonyeza. Akabonyeza tena mahali pengine. Akaniambia, "Fundi, huu mpira wa ganda la waya umekuwa laini. Kucha inaingia. Mafuta yako yanakula mpira, na uzi unazama ndani yake."

Nami nikamjibu nini? Andika moyoni nilichomjibu, maana sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia, "Wewe umetoka kwenye mpunga juzi, leo unanifundisha waya? Nenda kapalilie."

Kisha akasema, kwa adabu ile ile, "Basi tuandike kwenye kitabu cha ndege, fundi. Mwingine aje aangalie." Nikamwambia kitabu huandikwa na fundi, si na mbeba mapipa. Nikachukua kitabu, nikaandika nyaya zimekaguliwa, ziko sawa, nikatia sahihi yangu ile yenye mkia mrefu unayoiiga. Sikuwa nimeingiza hata kidole. Nilitia sahihi kwa macho ya mtu niliyekuwa nimemtukana, na macho yake yalikuwa yameona kinyume.

Kefule! Hata sasa naandika hili natamani kumzaba yule mtu kofi, na yule mtu ni mimi.

Siku iliyofuata asubuhi, ndege ilijazwa dawa. Rubani akaingia. Mimi nilikuwa pembeni nazungumza na karani wa kambi habari za ushujaa wangu wa vitani. Nikamwambia Jilo aunganishe betri. Betri ilikuwa nyuma ya kiti cha rubani, chini ya kifuniko. Jilo akaunganisha, sawasawa kabisa, hakuna mtu angeunganisha vizuri zaidi. Rubani akabonyeza kitufe cha kuwashia injini. Nikasikia kishindo kidogo, kikavu. Moshi ukatoka nyuma ya ubao, mweupe kwanza, halafu mweusi, halafu kitambaa cha mbele kikashika moto.

Wote tulikimbia. Naandika wote, na mimi nilikuwa wa kwanza. Rubani alikuwa amenaswa na mkanda wake. Jilo alirudi ndani. Alijua kwamba umeme usipokatwa moto hautazimika hata umwagiwe Tana yote. Hakuwa na spana mkononi. Alishika waya wa betri kwa mkono mtupu, waya umeshakuwa moto, akauvuta mpaka ukang'oka. Kisha akakata mkanda wa rubani kwa kisu chake, wakaanguka nje pamoja. Tukamwaga mchanga na maji. Nusu ya ndege ikabaki, tangi la dawa halikushika. Hakufa mtu. Jilo akakaa chini kwenye nyasi ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

Mkuu wa kambi akaja anatweta. Akauliza swali moja tu, kwa sababu kichwa chake kilikuwa hakibebi mawili. "Nani aligusa umeme mara ya mwisho?"

Nikajibu, "Jilo ndiye aliyeunganisha betri."

Tazama vizuri jibu hilo, Athumani. Hakuna uongo ndani yake hata wa neno moja. Unaweza kuliapia. Nami nimejifichia humo miaka yote hii, kila nikilala najiambia, kwani nilisema uongo? Ni chafu kuliko uongo. Mwongo angalau anajua amesema nini.

Jilo aliinua uso akanitazama. Akasema, "Fundi Bakari?" Basi, hilo tu, kama mtu anayeita mlangoni akisubiri kujibiwa. Mimi nikajitia hamnazo, nikaenda kutazama ndege. Kwenye mabaki nikakuta vipande viwili vya uzi wangu havijaungua. Nikavitia mfukoni, jioni nikavitupa mtoni.

Akafukuzwa siku ile ile, mkono umefungwa kitambaa. Alijaribu kusema habari ya mafuta, wakamcheka. Kitabu kilikuwa na sahihi yangu, nyaya ziko sawa, na nani angesikiliza mbeba mapipa mbele ya fundi wa jeshi? Wakampa jina, Jilo Moto, na jina likatembea mto mzima hadi likafika kinywani mwako. Mimi nikapewa barua ya sifa kwa utumishi mwema. Ni ile iliyo kwenye fremu sebuleni, ambayo mamako huifuta vumbi kila Ijumaa. Na ni hiyo hiyo niliyowapelekea wakubwa wa karakana ya Nairobi mwaka huu, nikawaandikia kwamba mwanangu ametoka mikononi mwangu. Nafasi yako imetoka hapo. Sasa unajua umekalia nini.

Anakaa Tarasaa. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli kando ya barabara. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshikana, havifunguki, na spana anaishika kwa kushoto. Najua kwa sababu kila nikienda Malindi lori husimama pale watu wanunue ndizi, na kila likisimama mimi hushikwa na usingizi wa ghafla. Navuta kilemba mpaka puani. Mtu mzima, haji mtarajiwa, anakoroma usingizi wa uongo mbele ya fundi baiskeli! Utingo mmoja alishaniuliza kama naumwa.

Usinionee huruma. Nimeshajionea ya kutosha na haikumsaidia mtu.

Ninachotaka ukijue kuhusu nyaya ni kidogo, na mengi utafundishwa na wanaojua kuliko mimi. Kifaa kikikosekana, useme kimekosekana, kwa sauti, mbele ya mwenye saa. Usilete ujanja wa kwenu. Mafuta ya papa ni mazuri, babu yako hakuwa mjinga, lakini yeye alikuwa akilowesha kamba na mimi nikalowesha mpira. Kila waya utakaoushika ubonyeze kwa ukucha. Usitie sahihi juu ya kitu ambacho mkono wako haukufika. Na mtu yeyote akikwambia kitu hakiko sawa, awe mfagiaji, awe mpika chai, mpe kalamu aandike kitabuni. Kama hajui kuandika, andika wewe maneno yake yeye. Halafu funga ndege mpaka ijulikane. Huenda amekosea na nyinyi mmechelewa saa moja. Chelewa.

Leo mchana, ulipokuwa kwa kinyozi, nilikwenda posta. Nimepeleka barua mbili, moja kwa wakubwa wa kambi ya nzige, moja kwa wakubwa wa karakana yako. Nimeeleza yote, uzi, mafuta, kitabu, sahihi, na maneno ya Jilo kama alivyoyasema. Nimewaambia na barua ile ya sifa waihesabu si kitu. Nilizipeleka kwanza ndipo nikakaa kukuandikia wewe, kwa sababu najijua. Ningeanza na yako, hizo mbili zisingeandikwa. Huenda wakakurudisha. Unaweza kufika Nairobi ukakuta mlango umefungwa kwa ajili yangu, baada ya shangwe yote hii na shati jipya na shangazi zako kulia. Ukinikasirikia utakuwa na haki, na usininyamazie, nitukane. Nikikumbuka ulivyosema jana, naona afadhali urudi hapa ulime kuliko upande juu ukisimama kwenye mgongo wa yule mtu.

Nilikuwa nimekusudia kukuagiza hivi: lori likisimama Tarasaa, ushuke, uende kwenye kibanda, umwambie Jilo wewe ni mtoto wa nani, umpe barua hii. Nikaandika mistari yote hiyo vizuri kabisa. Halafu nikaisoma. Ebo! Hata leo natafuta mtu wa kunitangulia kwenye moto! Nimeipiga mstari, utaiona hapo juu ya ukurasa wa nyuma, sikuifuta ili uone babako ni mtu wa namna gani hata akiwa anatubu.

Kesho nitapanda lori pamoja nawe. Mamako nimemwambia nakusindikiza mpaka Malindi. Barua hii nitakupa tukishatoka Garsen, uisome njiani, kwa sababu kwa mdomo nitaanza kupamba. Tukifika Tarasaa nitashuka mimi kwanza, kilemba kikiwa begani. Nitasema nitakachosema, na akinitemea mate usiingilie.

Wewe ukija nyuma yangu, mpe mkono wa kulia. Atataka kukupa wa kushoto, ndivyo anavyofanya kwa wageni. Usikubali. Halafu toa lile daftari jipya ulilonunuliwa kwa ajili ya masomo, ukurasa wa kwanza, ambao najua umeshaandika jina lako kwa wino wa rangi mbili. Chini ya jina lako muombe akwambie tena alichoniambia siku ile tulipofungua ubao. Andika neno kwa neno, usimrekebishe Kiswahili chake. Kisha mpe kalamu, atie sahihi yake.

Babako,
Bakari